Uso wa Orlinda Kwenye Kadi ya Taulo

Mgeni akiingia chumbani katika Hoteli ya Mierebi, kitu cha kwanza atakachokikuta juu ya kitanda ni kadi ya kijani yenye picha ya mwanamke wa miaka sitini na kitu. Nywele kazibana nyuma, anacheka mpaka pengo la jino la pembeni linaonekana. Chini ya picha pameandikwa: "Tundika taulo lako ulitumie tena. Orlinda na mto wake wanakushukuru." Vyumba viko thelathini na sita. Kwa kuwa siku hizi nguo za kufua ni chache, sisi wa kufulia ndio tunaotumwa kuzipanga kadi hizo, mimi na Orlinda mwenyewe. Yeye huziweka kifudifudi. Msimamizi wa vyumba hupita nyuma yake akizigeuza.

Niseme mapema kwamba sina subira na watu wa hoteli hiyo, ingawa mkate wangu unatoka kwao. Miaka kumi na tisa nimesimama na Orlinda Maestas mbele ya mashine zao za kufulia. Yaliyompata niliyaona yakija na sikuyatambua, kwa hiyo hasira nyingine ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Orlinda alizaliwa mkiani. Kwetu bondeni Rincon Hondo mtu haulizwi anakaa mtaa gani. Anaulizwa yuko kichwani, katikati au mkiani mwa mfereji, basi, umeshamjua. Mfereji ni mmoja, waliuchimba mababu, unachepuka kutoka mtoni chini ya mlima na kuteremka maili tatu, kila familia na kilango chake cha kufungulia maji na zamu yake. Kila Machi tunashika mabeleshi, wote, mwenye afya na mwenye mgongo mbovu, tunausafisha kabla theluji haijaanza kuyeyuka. Baba yake, Mzee Cipriano, alipanda mitufaha arobaini mwisho kabisa wa mfereji, na watu wakamcheka kwamba maji yakimfikia yeye yatakuwa yameshachoka. Hayakuchoka. Yalimfikia miaka sitini.

Mzee alipofariki, Orlinda alirithi nyumba, iliyo pale mkia unapoanzia, na mdogo wake Onofre akarithi miti pamoja na kibanda kilichokuwa katikati yake. Onofre hakuoa. Aliipa mitufaha majina ya shangazi zao waliokwisha kufa, na mkubwa kuliko yote, ule wa karibu na lango, ulikuwa shangazi Refugio, kwa sababu matunda yake yalikuwa machachu kama ulimi wa mwenye jina. Ukimkuta Onofre anapogoa matawi huku anagombana na Refugio, ungecheka mpaka ukae chini. Miti ile ndiyo iliyokuwa mke wake na wanawe. Kila mtu alijua kwamba siku miti ikifa, Onofre hatakuwa na sababu ya kukaa bondeni.

Na kila Oktoba, tangu Benito mume wa Orlinda alipofariki, Onofre alimletea dada yake gari zima la kuni za msonobari na kuzipanga kwenye ukuta wa nje wa jiko. Kwetu mjane mwenye kaka au mdogo wa kiume hanunui kuni. Akinunua, ni aibu ya ukoo.

Orlinda naye alikuwa na sifa moja iliyowapita wote: hakusema uongo. Hata ule mdogo wa adabu ulimshinda. Ukimpikia mahindi na nyama ya nguruwe ukasahau chumvi, atakuambia, "Shoga, hii ni supu ya mgonjwa," na bado atamaliza bakuli. Watu wakigombania zamu za maji, mmoja anadai mwenzake kafungua kilango kabla ya saa yake, msimamizi wa mfereji, Mzee Tranquilino, aliuliza swali moja tu: "Orlinda kaona?" Akiwa kaona, ugomvi umekwisha.

Sasa kadi. Miaka mitatu iliyopita alikuja meneja mpya, Bi. Hadley, mwanamke mwenye sauti laini na viatu vya kupandia milima ambavyo havijawahi kukutana na tope. Alisema hoteli lazima ilinde mazingira. Mgeni asibadilishiwe taulo kila siku; akilitundika, aachwe nalo. Tulikuwa tukijaza mashine mara kumi na nne kwa siku. Ndani ya miezi miwili zikawa mara sita. Mimi nilihofia kazi yetu, maana dobi bila nguo ni mtu wa kurudishwa nyumbani. Orlinda alifurahi. Mtoto wa mkiani hukua akitazama maji kwa jicho la mtu mwenye kiu, na miaka yote ile moyo ulimuuma kuyaona yanazunguka na povu na kuondoka kwa ajili ya taulo lililofuta uso mara moja.

Jumapili moja nilikuwa jikoni kwake. Onofre alikuwa anakula maharage na pilipili nyekundu, kofia bado kichwani.

"Kumi na nne zilikuwa, Onofre," Orlinda alisema. "Leo ni sita. Sita!"

"Kwa hiyo watu wa mjini wamegundua kwamba taulo linafuta mwili ambao umeshaogeshwa. Tuwapigie makofi."

"Cheka tu. Maji hayo yanabaki mtoni."

"Yanabaki mtoni, au kwenye kisima chao?"

"Wewe hata Yesu alipogeuza maji kuwa divai ungeuliza katumia zamu ya nani."

"Ningeuliza, ndiyo. Na ingekuwa zamu yangu, angenikuta mlangoni kwenye ile harusi na beleshi langu."

Orlinda alimpiga na kitambaa cha vyombo. Alimpenda yule mtu kupita kiasi.

Mwaka uliofuata hoteli ilinunua shamba la akina Archuleta, lililo kichwani mwa mfereji, watoto wao wakiwa wote wamehamia mjini. Shamba lenyewe hawakulitaka kwa kulima. Walitaka haki yake ya maji, itolewe kwenye mfereji na kuhamishiwa kwenye kisima cha hoteli huko juu. Kwetu hilo halifanyiki mpaka mkutano wa mfereji ukubali. Ndipo Bi. Hadley akashuka kwenye chumba cha kufulia, ambako hakuwahi kukanyaga, akasimama kati ya mashine na kumwambia Orlinda kwamba anajua watu wanamheshimu.

Orlinda hakuzunguka. "Mtayafanyia nini hayo maji?"

"Hatutapoteza hata tone," Bi. Hadley alisema. "Umeona mwenyewe tunavyobana. Wewe umeona kuliko mtu mwingine yeyote."

"Hilo ni kweli, nimeona."

Mimi nilikuwa hapo hapo, shuka mkononi. Swali liliulizwa na halikujibiwa, na sisi wawili, wanawake wazima tuliolelewa kwenye mikutano ya maji ambako watu hugombania robo saa, hatukusikia kwamba halikujibiwa. Mpaka leo nikikunja shuka nalikumbuka.

Mkutano ulikuwa Februari, kwenye ukumbi wa kanisa, jiko la kuni likirudisha moshi ndani. Onofre aliongea kwanza, na si mtu wa kuongea. "Maji ya mfereji hayagawanywi kama keki," alisema. "Yanasukumana. Maji ya Archuleta ndiyo yanayosukuma ya katikati, na ya katikati ndiyo yanayonifikishia mimi. Mkiyatoa pale kichwani, yaliyobaki yatalala njiani. Miti ya baba itakauka. Sina lingine."

Ulikuwa ukweli ambao hata mtoto wa kwetu anaujua. Lakini nusu ya waliokaa pale walikuwa na mtu wao hotelini, jikoni au bustanini. Mzee Tranquilino akageuka.

"Orlinda, wewe uko ndani kule. Umeona nini?"

Alisimama. Alikuwa na koti la Benito, lile la kahawia. "Nimeona mashine zikijazwa mara kumi na nne kwa siku, ikawa mara sita," alisema. "Sijawahi kuona mwenye fedha anayeogopa kupoteza maji kama hawa. Nilichokiona ni hicho."

Kwa akili yake, hoteli ikibana, mto utajaa, na mto ukijaa mfereji utajisukuma wenyewe. Alihesabu taulo. Mtu aliyezaliwa mkiani, aliyejua tangu utotoni kwamba maji ni nguvu ya kusukumana, siku ile alihesabu taulo kama mtu wa mjini. Kura zikapigwa kwa mikono, kumi na tisa kwa kumi na sita. Mkono wa Orlinda ulikuwa kati ya ile kumi na tisa, na Onofre aliutazama mkono huo tu, hakutazama mwingine.

Wiki iliyofuata hoteli ilitupikia keki. Mpiga picha alimwambia Orlinda acheke, naye akacheka kwelikweli, kwa sababu alikuwa na furaha.

Aprili matrekta ya kuchimba yakaja. Chumba chetu cha kufulia kina dirisha dogo usawa wa ardhi, tunaona miguu ya watu na magurudumu. Orlinda alidhani wanachimba mashimo ya maji machafu. Kufikia mwisho wa Mei yalikuwa mabwawa tisa ya kuogea maji moto, yamezungushiwa mawe ya mtoni, kila moja na jina la ua. Alipanda juu na aproni yake iliyolowa mpaka ofisini, nami nyuma yake.

"Ulisema hamtapoteza hata tone."

"Hatupotezi," Bi. Hadley alisema, na naapa alishangaa. "Maji yote yanachujwa. Tulichobana kwenye kufua na kile cha shamba, ndivyo vilivyotuwezesha. Orlinda, hili limewezekana kwa sababu yako."

Hakuwa anamkejeli. Ningependa angekuwa anakejeli.

Theluji ya mwaka ule ilikuwa haba. Juni mfereji ulikuwa na maji kichwani, maji kidogo katikati, na mkiani kulikuwa na tope linalopasuka. Onofre alibeba maji kwa mapipa kwenye gari lake, safari baada ya safari, na kuimwagia mitufaha arobaini kwa ndoo. Orlinda akafanya ambalo kwetu hufanywa na ndugu: alimpa zamu yake. Aliiacha bustani yake ya pilipili na mahindi ife. Akaenda kwa Tranquilino kuandikisha kwamba kila Alhamisi maji yake yapite yaende chini.

Alhamisi ya kwanza tulitembea nayo. Aliyafungulia kwenye kilango chake na kuyafuata kando ya mfereji na beleshi, akiondoa majani, akiziba matundu ya panya, akiyaita. "Haya, twende. Twende, jamani. Bado kidogo." Ulimi wa maji ulikuwa na upana wa kiganja, mbele umebeba vumbi na vijiti. Tulipita kwa akina Lucero, tukapita makaburini. Kwenye daraja la Tranquilino yakapunguza mwendo. Orlinda alipiga magoti akachimba kijia kwa mikono. Yakasogea hatua kumi hivi, kisha mchanga ukayanywa, mbele ya macho yetu. Kutoka hapo mitufaha inaonekana. Onofre alikuwa amesimama langoni kwake na beleshi, anangoja. Alingoja kidogo zaidi, halafu akaingia ndani.

"Labda Alhamisi ijayo," nilisema.

"Usiseme hivyo, Viola," alinijibu. "Unajua kabisa."

Alhamisi zote za kiangazi alikwenda. Maji hayakuvuka daraja hata mara moja.

Julai miti ilianza kudondosha matunda mabichi, madogo kama kokwa. Agosti majani yakawa ya kahawia. Na Agosti hiyo hiyo kadi mpya zikafika hotelini kwa maboksi, zenye uso wake. Alimwomba Bi. Hadley aziondoe. Akaambiwa zimechapishwa za miaka miwili, na kuzitupa karatasi nzuri vile kungekuwa uharibifu wa mazingira. Mtu mmoja, simtaji, aliichukua moja akaibandika dukani kwa Filadelfio, kwenye friji ya bia, ili watu wacheke. Onofre aliikuta. Wenye duka wanasema aliibandua polepole isichanike, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaondoka bila kununua alichofuata. Hakutaka dada yake achekwe. Lakini nyumbani kwa Orlinda hakwenda tena, na Jumapili jikoni tulikuwa tunakula wawili.

Oktoba ikafika. Nilidhani mwaka ule kuni hazitakuja. Tuliporudi kutoka kazini tulizikuta zimepangwa ukutani kwa jiko, safi kama kila mwaka, ncha zote sawa. Hazikuwa za msonobari. Orlinda alipitisha mkono juu ya gome moja, kisha jingine. Kwenye gogo nene la chini palikuwa na msumari wenye kutu, ule ambao Benito alipigilia ngazi kwenye mti wa langoni siku ya uchumba wao.

"Huyu ni Refugio," alisema.

Akakaa chini pale pale kwenye changarawe, na mimi nikakaa naye, na tulilia mpaka mbwa wa jirani akaja kututazama. Arobaini ile yote ilikuwa pale ukutani. Onofre alikuwa na haki ya kutomletea kitu. Angeweza kumwacha akanunue kuni mjini na aibu iwe juu yake. Alileta, kwa sababu dada ni dada na baridi ni baridi, na kuni alizokuwa nazo mwaka ule zilikuwa hizo.

Orlinda hakuziwasha. Novemba, Desemba, alikaa ndani na koti la Benito na soksi tatu, jiko limezimwa, kuni ziko mlangoni. Nilimletea za kwangu, akazirudisha. Januari alianza kukohoa kikohozi kibaya, cha kifuani, na hapo nikavaa viatu nikateremka mkiani. Onofre alikuwa amekaa kati ya visiki akinoa shoka ambalo halikuwa na kazi tena.

"Dada yako anakufa kwa baridi, na kuni zako zimejaa ukutani," nilimwambia. "Mtagombana vizuri akipona."

Alikuja. Hakubisha hodi, hakuwahi kubisha hodi nyumba ile. Alitazama jiko, akamtazama yeye.

"Kwa nini huwashi?"

"Siwezi kumchoma shangazi."

"Shangazi Refugio alipenda moto kuliko mtu yeyote niliyemjua. Aliunguza sketi tatu."

Akatoka, akarudi na gogo lenye msumari, akalipasua pale mlangoni na kuwasha. Moshi wa mtufaha una utamu. Nyumba nzima ilinukia kama jikoni kwa mama yao msimu wa kupika matunda. Orlinda alisogeza mikono kwenye moto.

"Nilisema nilichokiona, Onofre."

"Najua."

"Sikusema uongo."

"Ndiyo maana," alisema. Alikuwa amechuchumaa, anautazama moto. "Ungekuwa mwongo, dada, mtu asingekusikiliza, na miti ingekuwepo."

Alimwekea kuni za kutosha hadi asubuhi, akavaa kofia. Februari alihamia mjini Pueblo kwa mpwa wao mwenye duka la matairi. Machi tuliposafisha mfereji, Mzee Tranquilino aliita majina kutoka kichwani hadi mkiani, akafika kwa Onofre Maestas kwa mazoea, akakohoa, akafunga daftari. Orlinda alisafisha kipande chake na kile cha mdogo wake, mpaka kisiki cha mwisho. Alichoka sana siku ile, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Kifua hakijapona vizuri, lakini kazi anakuja. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye korido ya hoteli na toroli la shuka. Mwanamke mmoja mgeni alikuwa anarudi kutoka kwenye mabwawa, joho jeupe, nywele zinadondosha maji kwenye zulia, uso mwekundu kwa joto. Alimtazama Orlinda, akafungua mdomo, akashika kifua.

"Ni wewe! Wewe wa kwenye kadi!" Akamkumbatia, akamlowesha. "Tumetundika mataulo yetu yote siku nne, mimi na mume wangu. Kwa ajili ya mto wenu. Mto unaendeleaje?"

Nilishika toroli. Nilimjua Orlinda, nikajua kinachokuja, na moyoni nikasema mwambie. Mwambie yote, watufukuze kazi tukale mawe.

Orlinda alimtazama yule mama, mtu mwema tu, anangoja huku macho yanang'aa. Akatabasamu, mpaka pengo la jino likaonekana.

"Unaendelea vizuri, mama," alisema. "Asante."

Mgeni alienda zake akiwa na furaha. Orlinda akainama kwenye zulia na kuanza kukausha alama za maji kwa taulo.